HAYA ISIZUIE HAKI
Waadhi kwa mume na mke juu ya maumivu ya faragha baada ya kupasuliwa na kukoma kwa hedhi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyewaumba waja wake wawili wawili, akajaalia mume na mke wapate utulivu mmoja kwa mwenziwe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu Waislamu, wake kwa waume, katika mambo yasiyosemwa misikitini wala barazani, wala mama hamwambii bintiye, ni hili tukusudialo kulieleza humu. Mwanamke amekoma hedhi, au amepasuliwa akatolewa kizazi. Kisha huwa akihisi ukavu na kuwashwa na uchungu katika tupu yake, na mumewe akimkaribia huona maumivu kama ya jeraha. Yeye hunyamaza kwa haya. Mumewe naye, kwa kutojua, hudhani kuwa amechukiwa. Siku hupita, vitanda hutengana, na nyumba iliyosimama miaka 30 huanguka kwa jambo ambalo lina jina na lina dawa. Ni nyumba ngapi zilizovunjika hivi? Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Huenda msomaji akasema: Haya si maneno ya kuandikwa katika kitabu cha dini. Twamjibu: Wake wa Madina waliyauliza yaliyo mfano wa haya mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Ummu Sulaim aliuliza juu ya mwanamke aotaye usiku, kama yampasa kukoga. Fatima binti Abi Hubaish aliuliza juu ya damu isiyokatika, akajibiwa kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si ya hedhi. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi haya ni katika imani, nayo ni pambo la Muislamu. Lakini haya imzuiayo mtu kuijua haki yake, au kuitafuta dawa ya maradhi yake, hiyo si haya, bali ni udhaifu uliovishwa nguo ya haya.

Sasa na tueleze asili ya jambo lenyewe. Mwanamke akitimiza miezi 12 pasi na kuona damu, waganga huhesabu kuwa hedhi yake imekoma. Na kwa walio wengi huwa baina ya miaka 45 na 55. Sababu yake ni kwamba ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, hupunguza kutoa ile homoni iitwayo estrojeni. Na estrojeni si kwa kuzaa tu. Ndiyo inayoilisha ngozi ya ndani ya tupu ikawa nene, laini, yenye unyevu na yenye kunyumbulika. Ikipungua, ngozi hiyo huwa nyembamba na kavu, huchubuka kwa kitu kidogo, na njia yenyewe huenda ikasinyaa. Hata kibofu cha mkojo hushirikiana nayo. Basi mwanamke huona moto akenda haja ndogo, au hurudiwa na maradhi ya mkojo mara kwa mara. Katika mwaka 2014 mabingwa wa ilimu hii waliyakusanya mambo haya yote, ya tupu na ya mkojo, chini ya jina moja, ili ijulikane kuwa ni maradhi yatibikayo, si kasoro ya mtu. Wala si ya wachache. Huwapata wanawake wengi mno miongoni mwa waliokoma hedhi. Tena yatofautiana na lile joto la ghafula liwashikalo wanawake wa umri huo. Kwani joto hupungua kwa miaka, na ukavu huu, usipotibiwa, aghalabu huzidi.

Ama aliyepasuliwa, hali zao si moja. Aliyetolewa ovari zote mbili humfika siku ile ile yale ambayo wenziwe huwajia kidogo kidogo kwa miaka, hata akiwa kijana wa miaka 35. Aliyetolewa kizazi peke yake, hedhi humkatika, lakini ovari zake huendelea na kazi, ijapokuwa huenda zikachoka mapema. Aliyeshonwa kwa sababu ya kizazi kushuka, huenda mshono ukaacha kovu lenye kubana. Na aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, huenda njia ikawa nyembamba na ngumu. Wote hawa wasiharakishe kurejea kitandani. Aliyetolewa kizazi kwa desturi huambiwa angoje wiki 6 au zaidi, mpaka daktari atazame mshono na aseme kuwa umepona. Kwani mshono wa ndani ukifumuka ni hatari kubwa. Mume asiyeweza kungoja siku hizo na akumbuke kuwa Mwezi wa Ramadhani humfunza kungoja kila mwaka.

Dawa zake ni hizi. Kwanza ni mafuta ya maji yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yatiwayo wakati wa kukaribiana ili kuondoa msuguano. Pili ni dawa ya kulainisha itumiwayo mara 2 au 3 kwa wiki, hata bila ya kukaribiana, ili ngozi ihifadhi unyevu wake. Tatu ni estrojeni kidogo itiwayo pale pale, kwa namna ya malhamu au kidonge au pete laini. Na ifikayo katika damu ni kidogo mno. Haiponyi kwa siku moja. Hutaka wiki kadhaa, na ikiachwa ukavu hurejea. Aliyepata kuugua saratani ya matiti asiitumie mpaka daktari amtibuye saratani hiyo amruhusu. Nne, ikiwa misuli ya nyonga imekaza kwa woga wa maumivu, kuna mabingwa wa viungo wafunzao kuilegeza taratibu.

Na yako mambo yapasayo kuachwa. Kujiosha ndani kwa sabuni ya manukato au dawa ya kuulia vijidudu, kutia shabu au ndimu au majani ya kukaza, yote hayo huzidi kuikausha ngozi iliyokwisha kukauka, na kuichubua. Usafi ni katika dini, lakini usafi wa mahali hapo ni maji safi kwa nje.

Tena sikilizeni neno hili vyema. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kisha akaona damu baada ya mwaka, hata tone moja, asiseme kuwa ujana umerudi, wala asiishie kumuuliza shekhe hukumu ya sala yake tu. Na aende kwa daktari upesi. Mara nyingi sababu yake ni huo wembamba wa ngozi. Lakini huenda ikawa ni mwanzo wa saratani ya kizazi, na saratani iliyowahiwa si kama iliyochelewa.

Wako wasemao: Huu ni uzee, na Mtume (s.a.w.) aliwaeleza mabedui waliomuuliza juu ya kujitibu kwamba kila ugonjwa una dawa ila uzee; basi mwanamke na asubiri. Twasema: Hadithi ni kweli, na mafahamio ni makosa. Uzee wenyewe hauna dawa, kwani hapana awezaye kuurudisha ujana. Lakini maradhi yafuatanayo na uzee yana dawa. Mbona mzee akiona kiwi huvaa miwani, na jino likimuuma huling'oa, wala hapana amwambiaye asubiri? Iweje basi subira iwe wajibu kwa maumivu ya mwanamke peke yake?

Na wako wasemao: Mwanamke akikoma hedhi amekwisha, hana unyumba tena. Neno hili halina asili. Katika Sura ya Talaka, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amewataja wanawake waliokata tamaa ya hedhi, akawawekea eda ya miezi mitatu. Na twajua kutoka Sura ya Ahzab, aya ya 49, kuwa mwanamke aachwaye kabla ya kuingiliwa hana eda. Basi lau kama waliokoma hedhi si watu wa unyumba, eda hiyo ingalikuwa ya nini? Hii ni dalili kuwa Sharia yamhesabu kuwa ni mke kamili. Tena mtazameni Mtume (s.a.w.): alikaa na Bibi Khadija miaka ishirini na kitu, wala hakumwolea mke mwingine mpaka alipofariki, yapata mwaka 619. Na alipotajwa mbele yake, baada ya kufa kwake, kuwa alikuwa mkongwe tu, alikasirika akazitaja fadhila zake.

Lililo zito kuliko yote ni la mume amlazimishaye mkewe hali yu katika maumivu, akishika Hadithi ya mke akataaye kitanda. Hadithi hiyo ni ya mke akataaye bila ya udhuru. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, naye ndiye nguzo ya madhehebu yetu ya Kishafii, ameandika katika Minhaj kwamba maradhi ambayo jimai humdhuru mwanamke ni udhuru. Hahesabiwi kuwa ameasi, wala nafaka yake haianguki. Basi mume anyimaye nafaka kwa sababu hiyo amedhulumu, na anayemlazimisha mgonjwa amedhulumu zaidi. Na kanuni kubwa ya dini yetu ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Wala mlango wa mapenzi haufungwi kwa udhuru huo. Sharia imemhalalishia mume kustarehe na mkewe hata katika siku za hedhi, isipokuwa jimai; basi na katika siku za ugonjwa kadhalika: kukumbatiana, kubusiana, na maneno mazuri. Lililoharamishwa la njia ya nyuma hubaki haramu, wala ugonjwa haulihalalishi. Na Imamu Ghazali, katika mlango wa adabu za ndoa wa Ihya, amemfunza mume kutanguliza upole, na kutomwondokea mkewe mpaka naye atimize haja yake. Naye Ghazali alifariki mwaka 1111. Msidhani kuwa haya ni mageni yaliyoletwa na watu wa zama hizi.

Yamebaki mas'ala mawili yaulizwayo sana na wanawake kwa siri. La kwanza ni saumu. Katika madhehebu ya Kishafii, kitu kitiwacho ndani ya tupu hufunguza. Ama Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika mkutano wake wa Jidda wa mwaka 1997, lilitoa uamuzi kuwa dawa ya kutia ukeni haifunguzi. Atakaye kutoka katika hitilafu hiyo na aitie usiku, wala haimharibikii dawa yake. La pili ni udhu. Kuigusa tupu kwa kiganja, na kutokwa na chochote njiani humo, hutangua udhu kwa Mashafii. Lakini hakumpasi kukoga kwa kutia dawa tu. Basi wakati ulio bora ni baada ya sala ya Isha na kabla ya kulala.

Na kwenda kwa daktari ni halali. Akipatikana daktari mwanamke, huyo ndiye atangulizwaye. Asipopatikana, yajuzu mwanamume kwa dharura, akiwapo mume au maharimu au mwanamke mwaminifu, na asitazame ila kwa kadiri ya haja.

Ewe mume, muulize mkeo kwa upole, na umsikilize bila ya kumkatiza. Mpeleke wewe mwenyewe kwa daktari, na bei ya dawa yake usiifanye masimbulizi. Ewe mke, mwambie mumeo kuwa waumwa, wala usiseme kuwa umechoka au una usingizi. Kwani udhuru wa uongo humtia shaka, na wa kweli humtia huruma. Nanyi mashekhe na kina bibi wenye kufundisha chuoni na katika darasa za wanawake, msiwafunze watu hukumu za hedhi mkanyamaza ikomapo; kwani umri baada ya hedhi huenda ukawa miaka 30, na Mwenyezi Mungu ataulizia uhai wote, si nusu yake.

Tunamwomba Mola wetu awaponye wagonjwa wetu, awape waume huruma na wake ushujaa wa kusema kweli, na azihifadhi nyumba zetu na utengano ambao sababu yake ni ujinga. Amin. Wallahu aalamu.