Maradhi ya Nafsi kwa Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa mwili na roho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyewahurumia wadogo na kuwafunza wakubwa kuhurumia, na ziwafikie jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nalo ni maradhi ya nafsi yanayowapata watoto na vijana wetu, na wajibu wa jamaa na mtaa katika kuwatibu. Tumechagua kuutazama mji wa Kitengela na kaunti yote ya Kajiado. Si kwamba watu wa huko wana ila kuliko sisi, bali huko yaonekana waziwazi yale ambayo huku pwani yamesitirika nyuma ya milango ya nyumba zetu.

Mwaka 1999 Kajiado walihesabiwa watu 406,054. Mwaka 2009 wakawa 687,312, na mwaka 2019 wakafika 1,117,840. Katika miaka 20 watu wamekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Kitengela, iliyokuwa kituo kidogo katika njia ya Namanga, kando yake ng'ombe wakilishwa, leo ni mji wa maghorofa ya kupangisha. Viwanda vya Athi River viko jirani, na Nairobi haiko mbali. Wamehamia humo watu wa kila kabila kutafuta riziki ya halali, na miongoni mwao wamo wana wa pwani, jamaa zetu wa damu.

Basi itazameni hali ya mtoto aliyelelewa katika mji kama huo. Babake hutoka alfajiri kuwahi matatu, na mamake humfuata. Wote wawili hurudi usiku wamechoka. Nyumba ina mlango wa chuma na ina televisheni, walakini haina bibi, haina shangazi, wala haina mjomba wa kupita jioni. Jirani wa ukuta mmoja hajulikani jina. Huku kwetu zamani mtoto akinyamaza siku tatu, mtu wa barazani alikuwa akiuliza, "Mwana wenu ana nini?" Huko aweza kunyamaza miezi mitatu asiulizwe na mtu. Wala sisi wa pwani tusijisifu, kwani baraza zetu nazo zimekuwa chache, na kila mtu ameinamia simu yake.

Wenyeji wa Kajiado, Wamaasai, nao wana msiba wao. Ardhi zilizokuwa za jamaa nzima ziligawanywa vipande vipande, na wengi wakauza. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2021 na 2022, ukaangamiza mifugo. Mtu aliyezaliwa kuwa mchungaji akiamka hana cha kuchunga, huzuni yake haikai moyoni mwake peke yake. Humwingia mke, na humwingia mtoto.

Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya nafsi. Lasema pia kwamba thuluthi ya maradhi haya huanza kabla ya miaka 14, na nusu yake kabla ya miaka 18. Haya basi si maradhi ya watu wazima peke yao, wala si maradhi ya Wazungu kama wasemavyo wengine. Na dalili zake hazifichiki kwa mwenye kutazama. Mtoto hukosa usingizi, au hulala mchana kutwa. Huacha chakula. Hujitenga na wenziwe, na masomo yake huporomoka ghafula. Huteta kwa jambo dogo. Hulalamika tumbo na kichwa, na daktari haoni ugonjwa. Kijana huenda akakimbilia muguka na bangi ili asahau. Na kubwa kuliko yote, husema kwamba afadhali angekufa. Neno hilo lisichukuliwe kuwa ni mzaha wala ni utovu wa adabu.

Sasa tuulizane: sisi tukiziona dalili hizi hufanya nini? Twaona watu ni namna tatu.

Wa kwanza huficha. Huogopa binti asiposwe, na ukoo usisemwe vibaya. Mtoto wao akivunjika mguu humpeleka hospitali mchana, watu wakiona. Akivunjika moyo humfungia chumbani. Hawa wamechagua heshima yao mbele ya watu kuliko amana waliyopewa na Mola wao.

Wa pili hupiga. Husema, "Huyu ana jeuri, amedekezwa." Humzidishia fimbo mtoto ambaye tayari ana mzigo asioweza kuubeba. Twawakumbusha kisa cha al-Aqra' bin Habis, aliyejisifu mbele ya Mtume (S.A.W.) kwamba ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja wao. Mtume akamjulisha kwamba asiyehurumia naye hahurumiwi.

Wa tatu, nao ni wengi, hukimbilia kwa waganga. Hupunga pepo, huchinja mbuzi wa rangi fulani, huvaa hirizi, na hutoa fedha ambazo zingetosha dawa ya mwaka mzima. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Wala hatukatazi kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua zilizothubutu, kwani hiyo ni Sunna. Tunalolikanusha ni mtu kufanya kisomo kuwa biashara, kumpiga na kumfunga mgonjwa kwa minyororo ati anampiga jini, na kumzuilia asimwone daktari. Mtume wetu ametuamrisha tujitibu, na ametujulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Hakuutoa ugonjwa wa nafsi katika hukumu hiyo. Na mwenye kumuuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kusoma dua na kumeza dawa havigombani.

Atasema msemaji, "Haya hutokana na udhaifu wa imani. Mwenye kusali hapatwi na huzuni." Twamjibu: Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Je, imani yake ilikuwa dhaifu? Mtume wetu mwenyewe alifiwa na Bibi Khadija na Abu Talib katika mwaka mmoja, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Naye alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni. Na alipomwona mtoto mdogo, Abu Umair, amesononeka kwa kufa kindege chake, hakumwambia kwamba hilo ni jambo la kipuuzi. Alimsemesha kwa upole juu ya kindege kile. Haya ndiyo matibabu ya mwanzo: mtu mzima kushuka mpaka alipo mtoto na kumsikiliza.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, alitunga kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi. Akaeleza humo hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Waislamu walijenga hospitali kwa mali ya wakfu: Damascus mwaka 1154, Cairo mwaka 1284, na Aleppo mwaka 1354, ambamo wagonjwa wa akili walitunzwa. Basi ni aibu iliyoje kwa wajukuu wa watu hao kumfunga mwana wao kamba miguuni!

Katika Kenya yetu hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba tiba ya nafsi ni kumpeleka mgonjwa nyuma ya ukuta ule, na jina la Mathari likawa tusi. Siku hizi fikra imegeuka. Mwaka 2020 kamati iliyoongozwa na Daktari Frank Njenga ilishauri maradhi ya nafsi yatangazwe kuwa jambo la dharura la taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii, watu 100,000 na zaidi, walitumwa kutembelea nyumba. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichokuwa kikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mhalifu. Kujiua ni haramu, hapana shaka. Lakini kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili, na katika madhehebu yetu ya Shafi'i hata aliyejiua huoshwa, huvikwa sanda na husaliwa. Basi aliye hai, akiwa ukingoni mwa shimo, astahili zaidi kushikwa mkono kuliko kulaaniwa.

Tiba ya karibu na nyumba yawezekana, hata madaktari wakiwa wachache. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wazee kuketi juu ya benchi na kuwasikiliza wenye dhiki kwa utaratibu, na watu wakapata nafuu. Hapa Kenya, Taasisi ya Shamiri iliwafunza vijana waliokwisha skuli kuzungumza na wanafunzi. Utafiti wa wanafunzi 413 uliotolewa mwaka 2021 ukaonyesha kwamba huzuni na wasiwasi wao ulipungua. Benchi na bibi! Je, hilo si ndilo baraza tuliloliacha?

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu mambo haya.

Kwanza, mzazi atenge wakati kila siku wa kuzungumza na mwanawe, usio wa kuamrisha wala kukemea. Na aonapo dalili tulizozitaja zikiendelea majuma mawili, asingoje. Aliye Kajiado aende hospitali ya Kitengela au ile ya kaunti mjini Kajiado, aeleze, naye ataelekezwa. Mtoto mwenyewe, au mwenye kumhofia, aweza kupiga nambari 116, nayo haitozwi fedha. Na neno la kutaka kufa likitamkwa, mtoto asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Pili, walimu wa madrasa waache fimbo. Mwalimu humwona mtoto kila siku, naye aweza kuijua dhiki yake kabla ya babake.

Tatu, misikiti ya Kitengela na ya huku itoe chumba kimoja, na siku moja katika juma, wazee wa kike na wa kiume waliofunzwa na wenye elimu hiyo waketi kuwasikiliza vijana na wazazi wao, na waitunze siri kama amana. Na jirani asiye Mwislamu asifungiwe mlango, kwani ana haki ya ujirani.

Nne, wenye mali wakumbuke kwamba maskini mgonjwa ni katika wanaostahiki zaka, na kwamba nauli na dawa ya mtoto wake ni sadaka bora kuliko mapambo ya harusi.

Tano, kila mwenye jamaa bara asingoje harusi wala matanga ndipo amwulize khabari zake. Ulize watoto kwa majina yao, mmoja mmoja.

Hii ni fardhi kifaya. Wakisimama baadhi yetu, wengine wamevuliwa. Tukikaa wote, wote tuna dhambi. Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mmaasai hujua kila ng'ombe wake, na hutoka usiku kumtafuta mmoja aliyepotea. Tusiwe sisi, wenye Qur'ani mikononi, ndio tulalao usingizi na mtoto amepotea ndani ya nyumba.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walinde watoto wetu, na utupe nyoyo za kuwasikiliza. Amin.