Bata Wawili na Amana ya Watoto

 

Ndugu zetu Waislamu, katika Suratul An'am Mola ametujulisha ya kuwa wanyama na ndege ni mataifa kama sisi. Awatazamaye kwa mazingatio hakosi funzo. Leo twataka kuwataja bata wawili.

Wa kwanza alikuwa bata mdogo wa kisiwa cha Mauritius, mashariki ya Bukini. Kisiwa kile hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walifika mwaka 1598, na mwaka 1638 wakaweka makazi. Watu wakawinda, na panya, paka na nguruwe walioletwa na merikebu wakaenea wakila mayai na makinda. Haukufika mwaka 1700 ila bata yule amekwisha, pamoja na dodo. Hatumjui leo ila kwa mifupa na maneno machache ya wasafiri.

Wa pili yu hai: bata mwenye kichwa cheusi wa Amerika ya Kusini, katika nchi kama Argentina na Chile. Huyu hajengi kiota kabisa. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine wa majini, hata vya shakwe, akaenda zake, na mwenye kiota akayaatamia.

Atatokea msemaji aseme: "Mwaona? Aliyetulia kwake ameangamia, na mjanja aliyewatwika wenziwe mzigo wake anaishi. Basi ujanja ndio uhai." Maneno haya twayasikia hata barazani, mtu akisifiwa kwa kukwepa wajibu wake.

Jawabu yetu ni hii. Kwanza, bata wa kisiwani hakuangamia kwa utulivu wake. Aliangamizwa kwa mikono ya watu, na watu ndio watakaoulizwa. Imepokewa na Abu Daud kuwa masahaba walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akihangaika, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha warudishwe. Basi itakuwaje kwetu, ambao katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha tuna ndege wa jamii ya mnana asiyepatikana popote duniani ila Kilifi? Mwenye kufyeka msitu kwa makaa asidhani hesabu yake iko kwa askari wa msitu peke yake.

Pili, ndege hana taklifu. Bata yule afuata alivyoumbwa, wala dhara yake si kubwa. Kinda lake hukaa siku moja au mbili tu, kisha huondoka likajitafutia chakula, lisimdai mwenye kiota hata punje. Ama mtoto wa binadamu hawezi kujilisha kwa miaka mingi. Walakin katika Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi wako wanaume waliooa, wakaacha, wakaoa tena, na watoto wakabaki kwa bibi mzaa mama, akaangaye mahamri alfajiri apate karo yao. Na baba yuko safu ya mbele msikitini, tasbihi mkononi! Huyu tusimfananishe na bata, kwani tutamdhulumu bata.

Talaka hukata ndoa, haikati ubaba. Suratul Baqara imemlazimisha baba chakula na mavazi ya mama amnyonyeshaye mwanawe, na Mtume ametufunza kuwa kuwapoteza wanaokutegemea ni dhambi itoshayo kumwangamiza mtu.

Husema wengine: "Sina kitu." Sheria haikutaka usichonacho. Katika Suratut Talaq mwenye dhiki ameamrishwa atoe katika kile alichopewa. Mwenye samaki wawili na apeleke mmoja. Asiyepata hata samaki na aende akawaone wanawe, awashike mkono awapeleke chuoni, awasikilize sura walizohifadhi. Miguu haikodiwi.

Twawausia maimamu na wazee wa mitaa: anapokuja mtu kuposa, msimwulize mahari tu. Mwulizeni, watoto wake wa kwanza leo wamekula nini, na nani aliyewapa. Akishindwa kujibu, binti yenu msimpe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wema wa amana zake. Amin.