Nakala Isiyo Halali

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilimfukuza mwanachuo mmoja kwa kosa la kunakili majibu ya mwenzake katika mtihani wa mwisho. Alipoitwa mbele ya kamati alijitetea kwa maneno ambayo sijayasahau: "Mkuu, niliyemnakili hakupungukiwa na kitu. Majibu yake anayo bado." Nikamjibu kwamba watakaopungukiwa ni watoto atakaowafundisha. Jioni ile akafunga sanduku lake, akaondoka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilinunua kompyuta ya kupakata iliyokwisha kutumika. Fundi wa mtaani akanitilia Windows 7 kwa bei ya chakula cha mchana. Hazikupita siku nyingi kioo kikageuka cheusi, na pembeni, kwa chini, yakatokea maandishi kwamba nakala hii si halali. Nikarudi kwa fundi. Akacheka: "Mwalimu, kwani Bill Gates atapungukiwa na nini?"

Ndugu msomaji, nilirudi nyumbani na sauti mbili masikioni, ya fundi na ya yule kijana, na sikuweza kuzitenganisha.

Jambo lenyewe si jepesi hivyo. Chuoni kwetu vitabu vilikuwa haba. Mimi mwenyewe nilikesha kwenye mashine ya kudurufu, nikizungusha mkono hadi wino ukaharibu shati, nikitoa sura nzima za kitabu cha saikolojia ya elimu kwa wanachuo 40 waliokuwa na nakala moja tu. Sikumwomba mwandishi ruhusa, na hata leo sioni haya. Kuna tofauti gani, basi? Naona ni hii: dhiki ni udhuru pale tu pasipo na njia nyingine.

Na njia nyingine ilikuwapo. Mjukuu wangu aliniletea Linux ndani ya flashi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatunga mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kunakili, kubadili na kugawa, ila atakayegawa asimnyime mwenziwe uhuru aliopewa yeye. Bill Gates, kwa upande wake, mwaka 1976 aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao wanatumia programu yake ya BASIC bila kuilipia. Tazama ajabu hii: mkono uleule, flashi ileile, tendo lilelile la kunakili, huku ni wizi, kule ni ukarimu. Kinachotenga mambo hayo mawili ni neno la mwenye mali, wala si kupungukiwa kwake. Hoja ya yule kijana ilikuwa dhaifu, lakini jibu langu halikuigusa.

Mwenye msimamo angeifuta Windows siku ileile. Mimi sikuifuta. Natunza hesabu za chama chetu cha akiba na mikopo, na programu ya hesabu hizo haiendeshwi ila na Windows. Tukanakili kumbukumbu zote pembeni kwanza, tukaigawa diski sehemu mbili. Tangu hapo kila niwashapo kompyuta hutokea orodha ya kuchagua. Nisipogusa kitu kwa sekunde 10, yenyewe huingia Linux. Kuna vioja vyake. Linux huhesabu saa iliyomo ndani ya mashine kuwa ni ya Greenwich, Windows huihesabu kuwa ni ya hapa, basi nikitoka Linux kuingia Windows nakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Tena Linux husoma mafaili ya upande wa Windows bila taabu, ilhali Windows peke yake haijui kuyasoma ya mwenzake.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nikajidai kuzipita zote. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi niliandika barua na makala zangu katika upande ulio safi. Ijumaa, nilipohesabu fedha za wajane na wastaafu wenzangu, niliingia katika upande wa wizi. Nikasema hiyo ndiyo busara. Kumbe nilikuwa nimeipa tu dhambi yangu chumba chake.

Nililipeleka suala hilo mkutanoni. Mweka hazina akasema, "Mwalimu, mbona kila mtu anatumia hivyo hivyo," na wajumbe wakapita kwenye ajenda nyingine. Mwaka 2019 nikanunua leseni ya Windows 10 kwa pensheni yangu, risiti nikaibandika ndani ya daftari la chama. Microsoft ilikomesha huduma ya toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu kongwe haina sifa za kupokea Windows 11. Upande huo sasa siuunganishi na intaneti. Nafanya hesabu, nazima. Mweka hazina aliiona risiti ile akaniuliza kama sijutii fedha zangu. Nilimwambia sijutii. Habari za yule kijana sikumweleza.