Nani anaweza kusema hana cha kuficha?

Kuna maneno tunayasikia kila siku, kwenye foleni ya maji, kwenye hangari za Nkamira, hata ndani ya ofisi za mashirika: "Acha tu baone, mimi niko na nini ya kuficha?" Mtu anayasema huku kidole kimeshabonyeza "Kubali" kwenye simu, bila kusoma hata mstari mmoja. Tusimwone mjinga. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na mbuzi kule Masisi au Rutshuru anajua kupima hasara. Kampuni ya mbali ikijua kwamba jana alitafuta bei ya viatu, itamwongezea msiba gani? Swali lake ni la haki na nataka kumjibu kwa heshima. Ila naona kwamba ruhusa anayoitoa si yake peke yake.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Watu wa Goma na Gisenyi tunajua jeton. Unafika Petite Barrière asubuhi, unaonyesha kitambulisho, unapewa karatasi ndogo ya siku moja, unavuka na nyanya zako, unauza, unarudi. Jioni karatasi ile haina kazi tena.

Kivinjari cha simu, iwe Chrome, Firefox au kingine, nacho kina jeton zake. Zinaitwa kuki. Tovuti unayoifungua inakuachia alama ndogo ili ikukumbuke. Bila alama hiyo ungeandika neno la siri kwenye kila ukurasa. Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mtu mwingine, ambaye wewe hukwenda kwake, anaposimama ndani ya ukurasa uleule na kukutia jeton yake. Wewe unasoma habari za Goma, yeye ni kampuni ya matangazo. Kesho unafungua ukurasa wa dawa za ugonjwa fulani, naye yupo, anaitambua jeton yake. Keshokutwa unatafuta namna ya kupata makazi Kanada, yupo tena. Hata kama hajui jina lako, anajua ni mtu yuleyule. Na jeton yake haifi jioni. Kwenye programu za simu, namba ya matangazo iliyomo ndani ya Android inafanya kazi hiyohiyo, na ukiruhusu, inakwenda pamoja na mahali ulipo. Haya yote yanasafiri kwa mega ulizonunua wewe. Unafuatwa, na nauli unalipa wewe.

Hapa tuwe wa haki kwa mfanyabiashara pia. Aliyelipia tangazo ana haki ya kujua kama lilimletea wateja. Mwenye duka la maharage aliyetangaza redioni anaweza kusimama mlangoni akahesabu vichwa, au akauliza, "Mulisikia wapi habari zetu?" Hesabu yake ameipata. Hana haja ya kumtuma kijana amfuate kila mteja mpaka nyumbani, aandike analala na nani na anasali wapi. Kuhesabu watu ni kazi moja, kuwafuata ni kazi nyingine. Kwenye intaneti kazi hizo mbili zimechanganywa kwa miaka mingi, mpaka wengi wanadhani haziachani.

Zinaachana. Safari, kivinjari cha Apple, kinazuia kuki zote za wageni wasioalikwa tangu Machi 2020. Firefox ilijaribu njia nyingine Julai 2024: hesabu ya tangazo inakatwa vipande viwili, kila kipande kinapewa mtu tofauti, hakuna anayeweza kumjua mtu mmoja, kinachotoka mwishoni ni jumla tu. Wazo lilikuwa zuri. Lakini liliwashwa bila kuwauliza watu, na Septemba mwaka huohuo shirika la noyb la Austria likapeleka malalamiko kwa mamlaka ya data. Hata aliye na nia safi anapaswa kubisha hodi.

Sasa, kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwa sababu kilichokusanywa kwa ajili ya kuuza viatu hakibaki kwenye viatu. Februari 2020 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba idara za Marekani za uhamiaji na mipaka zilinunua data za mahali simu zilipo, data zilizotoka kwenye programu za kawaida kama michezo na hali ya hewa, wakazitumia kutafuta watu wanaovuka mpaka. Novemba mwaka huo ikajulikana kwamba data za mahali kutoka Muslim Pro, programu inayowakumbusha Waislamu saa za sala, zilikuwa zikiuzwa kwa kampuni iliyofanya kazi na jeshi la Marekani. Aliyefungua ile programu alitaka kujua saa ya alasiri tu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Nchi hii tunayoishi inajua kuliko nyingine yoyote mstari mmoja kwenye karatasi unaweza kufanya nini. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na mstari ule ukaamua nani afe. Kati ya siku ulipoandikwa na siku ulipotumika kwenye vizuizi ilipita miaka sitini. Waliokuwa watoto wachanga siku ile, wangeulizwa kama wana cha kuficha, wangejibu nini?

Ndiyo maana nasema ruhusa ile si ya mtu mmoja. Fungua simu yako uangalie majina yaliyomo. Kuna shangazi aliyebaki Sake. Kuna kijana ambaye hataki mtu ajue alipokimbilia. Programu ikiomba kitabu cha majina nawe ukabonyeza "Kubali", umewatoa na wao, na hakuna aliyewauliza. Simu inayolala kila usiku karibu na simu nyingine kumi inaonyesha kwamba watu kumi wanalala pale. Na kambini simu moja inatumiwa na mama, binti na jirani: utafutaji wa mmoja unakuwa sura ya wote. Unaweza kugawa siri zako kama unavyogawa unga wako, hiyo ni hiari yako. Unga wa jirani huna ruhusa ya kuugawa.

Najua kuna watakaonijibu kwa methali: mficha uchi hazai. Ni kweli. Mkimbizi asiyesema hapati. HCR inaandika jina lako, inachukua alama za vidole na kupiga picha ya macho yako, na bila hayo hakuna chakula wala hati. Mimi sisemi tujifiche. Mwenye uchungu anajifunua, sawa, lakini anajifunua mbele ya mkunga, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Mkunga akishamaliza kazi hapeleki sokoni alichokiona. Methali ile inatuambia tumwamini mkunga. Haisemi tuzalie sokoni.

Na mkunga mwenyewe aulizwe. Juni 2021 Human Rights Watch ilieleza kwamba data za Warohingya zilizokusanywa na HCR pamoja na serikali ya Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Wakimbizi waliohojiwa, wengi wao, walisema waliambiwa ni kwa ajili ya msaada. HCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuombwa ruhusa. Hata tukichukua neno la HCR lilivyo, linabaki swali: mtu mwenye njaa, mbele ya meza ambayo msaada unatokea, anakataaje?

Kwa hiyo neno langu la mwisho naliweka kwa pande mbili. Kwetu tunaoishi kambini: usiipe programu ya tochi ruhusa ya kujua ulipo wala majina uliyonayo, haiyahitaji. Kwenye Android mpya unaweza kuingia kwenye mipangilio ukafuta ile namba ya matangazo. Kwenye simu ya watu wengi, futa historia na kuki kabla ya kuirudisha. Kivinjari kinachozuia wafuatiliaji kinapunguza na mega zinazokwisha. Ni kazi ya dakika tano, na unawafanyia na wale walio kwenye kitabu chako cha majina.

Kwenu wa mashirika: Rwanda ina sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 juu ya ulinzi wa data binafsi. Inataka data zikusanywe kwa kazi iliyotajwa wazi na zisikae kuliko muda unaohitajika. Mnajua hayo, mmefundishwa. Basi mutufanyie mambo mawili. Angalieni kurasa na fomu zenu za intaneti kama hamkuacha humo kampuni ya matangazo inayohesabu ni nani amesoma juu ya ubakaji, UKIMWI au hifadhi. Na siku mtakapokuja na tablet kutuandika tena, kabla ya kuuliza jina, mtuambie kwa Kiswahili cha kawaida: kazi hii ikiisha, majina yetu mtayapeleka wapi?