Mana na Betri

Jumapili moja hapa Matiliku nilikuwa nikifundisha vijana Kutoka sura ya 16, pale mana iliyolazwa mpaka asubuhi ilipooza na kujaa mabuu. Binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, na betri zako za sola? Si ni kutoamini kwamba jua litarudi kesho?" Nikamwambia tutarudia swali hilo wiki inayofuata. Sikurudia.

Sisi Wakamba hatujui kuishi bila akiba. Mito yetu hukauka, lakini ukifukua mchanga unakuta maji. Ndiyo sababu watu wa Makueni na Kitui hujenga kuta kukatiza mito, mchanga ujae nyuma yake na kuyaficha maji jua lisiyanywe.

Stima, kwa kweli, ni mana. Inapozalishwa ndipo inapoliwa, saa ile ile. Usiku wa manane, nchi ikiwa imelala, kuna mvuke wa ardhini kule Olkaria unaoachwa upae kwa kukosa mtumiaji. Jioni kila nyumba huwasha taa kwa pamoja. Betri kubwa zinazozungumziwa siku hizi ni za kuziba pengo hilo. Ila akiba yetu kubwa ni ya zamani zaidi, na ni maji. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hukusanya maji ya mto Tana wakati wa mvua na kuyaachia taratibu kiangazi. Mitambo yake yenyewe ni ya megawati 40 tu. Gitaru, iliyo chini yake kwenye mto huo huo, ina 225. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi: Masinga hutunza maji mengi, na walio chini ndio wanaong'aa.

Sura ile ile ya Kutoka yasema siku ya sita watu waliokota maradufu, na mana ya Sabato haikuoza. Chakula kile kile, usiku mmoja tu. Basi uozo haukutokana na kuweka.

Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, jirani alibisha mlangoni. "Mzee, samahani, kwako kuna taa? Mtoto kifua kimembana." Mkononi alikuwa na mashine ya kuvutia dawa ya pumu. Kabla sijamjibu, nilitazama mita. Betri zilikuwa zimebaki nusu na kidogo, na friji yangu ilikuwa na nyama. Nilipiga hesabu, mama yule akiwa amesimama gizani na mtoto mgongoni. Kisha nikachomoa friji, nikachomeka mashine.

Jumapili ijayo nitamsomea binti yule aya ya 22 hadi ya 24. Nitamsimulia na usiku huo, pamoja na ile sehemu ya kutazama mita.