Amri ya Saba na boksi la watoto wa mbwa



Vijana wenzangu, leo naomba nisianze na somo. Nianze na dhambi yangu, maana nimeshaiungama na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni kijana wa Tunduma. Aliyewahi kufika mpakani kwetu anaijua ile foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Foleni ile ndiyo soko letu. Huyu anauza maji, yule mayai ya kuchemsha, mwingine anabadilisha hela. Mimi niliuza watoto wa mbwa.

Nilikuwa na mbwa jike mmoja, aina ya Kijerumani, wale ambao watu wetu wanawaita mbwa wa kizungu. Mbwa jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni kama siku 63. Hesabu hizo nilizijua kuliko Amri za Mungu. Kila alipoingia kwenye joto nilimpandisha. Hakupumzika hata mara moja. Watoto wakifika wiki ya tano nawaondoa kwa mama, kwa sababu wakianza kula uji gharama inakuwa yangu. Nawatia kwenye boksi, naingia barabarani. Mteja akiuliza umri, najibu bila kupepesa macho: "Miezi miwili, bosi. Chanjo zote tayari." Chanjo gani? Hakukuwa na chanjo.

Siku moja mama mmoja wa Jumuiya yetu akaninunulia mmoja kwa Sh 80,000. Alitaka kumpa mwanae wa darasa la tatu, na akaniamini kwa sababu tunasali pamoja. Siku ya tatu yule mtoto wa mbwa akaanza kutapika na kuhara damu. Siku ya tano akafa. Yule kijana alimfukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Alhamisi tulipokutana Jumuiya, yule mama alinisalimia vizuri tu, akanipa mkono wa amani, hakusema neno. Jamani, afadhali angenitukana.

Wiki hiyohiyo nikafungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Mnakikumbuka kisa. Nabii Nathani anamsimulia mfalme Daudi habari za maskini aliyekuwa na kondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani, akila chakula chake na kulala kifuani pake kama binti yake. Tajiri mwenye mifugo tele akamnyang'anya na kumchinjia mgeni. Daudi akawaka hasira, akasema mtu huyo alipe mara nne. Ndipo Nathani akamjulisha kwamba mtu huyo ni Daudi mwenyewe.

Nathani alikuwa anazungumzia dhambi ya Daudi kwa Uria na mke wake, hilo tunalijua. Lakini angalieni mfano aliouchagua ili kumfikia mfalme moyoni: mnyama mmoja anayependwa katika nyumba ya maskini. Alijua hakuna moyo wa binadamu usiouelewa uchungu huo. Nami niliuelewa. Nilimwona yule mtoto wa darasa la tatu na jembe lake.

Sasa hebu niwaulize. Mafundisho ya Kanisa kuhusu wanyama yako sehemu gani ya Katekisimu? Wengi watadhani yako kwenye habari za uumbaji tu. Kumbe fungueni namba 2415 mpaka 2418: yako ndani ya Amri ya Saba, ile inayokataza wizi! Mimi nilishangaa. Nilidhani kumtesa mnyama ni kukosa huruma tu, basi. Kanisa linaniambia kwamba linahusu pia mali ya mwenyewe, na Mwenyewe ni Mungu. Mbwa wangu hakuwa wangu moja kwa moja. Nilikabidhiwa. Nilipomgeuza mashine ya kuzaa, niliiba. Nilipomdanganya mnunuzi umri na chanjo, niliiba mara ya pili. Na nilipomwondoa mtoto kwa mama kabla ya wakati, nilimwibia maziwa na kinga ambavyo Muumba alimpangia.

Biblia haikukaa kimya hapa. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inawakataza Waisraeli, wakikuta kiota, kumchukua mama pamoja na makinda yake. Wamwache mama aende zao. Yaani Mungu anajali mpaka ndege aliyelalia mayai! Kutoka 23:12 inawapa ng'ombe na punda pumziko la siku ya saba. Na sisi Wakatoliki tuna kitabu cha Tobiti, ambamo kijana Tobia anaanza safari ndefu akiwa na malaika Rafaeli na mbwa wake, na wanaporudi nyumbani mbwa yumo bado. Hana kazi kubwa kwenye kisa. Yupo tu, anasindikiza. Mwandishi mtakatifu aliona anastahili kutajwa.

Najua kuna atakayesema: "Ndugu, watu hawana dawa, wewe unahubiri mbwa?" Swali zuri, na Katekisimu yenyewe inalijibu. Namba 2418 inasema kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Halafu inaongeza kwamba haifai pia kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza shida za watu. Yaani Kanisa halikuambii umnunulie mbwa koti wakati jirani yako analala njaa. Linakuambia usijipatie hela kwa mateso ya kiumbe asiyeweza kusema.

Tena suala hili linawagusa watu moja kwa moja. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu kila mara ni kifo, na karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Sasa mimi niliyesema "chanjo tayari" bila chanjo, nilimweka nani hatarini? Si mbwa peke yake.

Biashara hii haiko Tunduma tu. Ulaya na Marekani kuna mashamba makubwa ya kuzalisha mbwa, majike wamefungiwa kwenye vizimba maisha yao yote. Uingereza, kuanzia Aprili 2020, England ilipiga marufuku madalali kuuza watoto wa mbwa na paka wa chini ya miezi sita. Ukitaka mmoja, uende kwa aliyewazalisha au kwenye kituo kinachowatunza waliotelekezwa. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la mbwa jike aitwaye Lucy, aliyeokolewa kwenye shamba kama hilo. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatendea wanyama ukatili. Tusiseme hatukujua.

Basi, kijana mwenzangu, ukitaka mbwa wa kulinda kahawa huko Mbozi, au duka hapa mjini, au rafiki wa mdogo wako, fanya hivi:

1. Omba kumwona mama yake. Muuzaji akikuletea boksi stendi na hataki ufike kwake, acha. Ukifika, mwangalie yule mama: amekonda? Anaogopa watu?

2. Usichukue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane.

3. Usiamini maneno, omba kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza akifika miezi mitatu, kwa hiyo anayekuambia mtoto wa wiki sita ameshachanjwa kichaa, huenda anakudanganya kama nilivyodanganya mimi. Mpeleke kwa afisa mifugo.

4. Usimvushe mpakani kwa njia za panya. Uliza vibali kwanza.

5. Jiulize kama utamlisha miaka kumi na zaidi. Wanaozurura mitaani wengi walikuwa na mwenyewe.

6. Mbwa akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje.

Na usimdharau yule tunayemwita mbwa wa kienyeji. Analinda vilevile, na kwa jirani unaweza kumpata bure.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, kisha akanikumbusha Zakayo: hakusema "nimetubu" akaishia hapo, alirudisha. Nilichukua zile Sh 80,000 nikaenda kwa yule mama. Nikapiga magoti, nikamwambia ukweli wote, umri na chanjo. Akanyamaza kidogo, akapokea. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, na yule mama yao yuko wapi?"

Sikuwa nimelitarajia swali hilo. Nilimwambia yuko nyumbani, ana mimba tena.

"Basi huyo ndiye unayedaiwa naye," akasema.

Ule ulikuwa uzao wake wa mwisho. Watoto walikaa naye mpaka wiki ya tisa. Niliwalisha, na ni kweli niliona gharama. Baadaye daktari wa mifugo akamfunga kizazi. Mmoja wa wale watoto yuko kwa yule kijana, ambaye sasa ni wa darasa la nne. Sikumtoza, na kadi ya chanjo nilimkabidhi mkononi.

Mama yao bado yuko kwangu. Jioni nikirudi ananifuata mpaka mlangoni, analala. Sijui kama mbwa husamehe. Ninajua kwamba Mungu aliyemkabidhi kwangu amenipa nafasi ya pili, nami sitaki kuiuza.

Tusali: Ee Mungu Muumba, uliyetukabidhi viumbe vyako, utusamehe tulipovigeuza kuwa hela tu. Utupe mikono ya haki sokoni na moyo wa huruma nyumbani. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.