Mtoto ni wa Nani?

Msomaji, wahenga walituachia methali mbili ambazo hazipatani kwa urahisi. Ya kwanza husema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ya pili husema, mwacha asili ni mtumwa. Ya kwanza humvika mlezi taji. Ya pili humrudisha mtoto kwenye shina lake. Watu wengi hupitisha maisha yao bila ya kuona ugomvi wa methali hizi, kwa sababu aliyewazaa ndiye aliyewalea. Lakini yuko mtoto ambaye humvuta mikono yote miwili, mmoja huku na mwingine huko. Huyo ni yule aliyezaliwa katika nchi moja, akaasiliwa na wageni, akawa mwana wao katika nchi nyingine. Nakuomba tumtazame pamoja, tuulize swali lililo jepesi kwa maneno na zito kwa maana: mtoto ni wa nani?

Tuchukue mfano wa China. Mwaka wa 1992 nchi hiyo iliwafungulia mlango wageni waliotaka kuasili watoto. Zama hizo serikali iliweka mpaka wa idadi ya watoto katika kila nyumba, na kwa watu wengi mpaka huo ulikuwa mtoto mmoja tu. Mashambani mwana wa kiume ndiye aliyetarajiwa kuwatunza wazazi uzeeni, kwa hiyo wasichana wachanga wengi waliachwa sokoni, milangoni mwa hospitali na kando ya njia. Kumtupa mtoto kulikuwa kosa la jinai. Basi aliyemwacha hakuacha jina wala anwani. Mlango huo ulipofungwa mwaka wa 2024, watoto zaidi ya 160,000 walikuwa wamekwisha pelekwa nchi za nje, na katika hao zaidi ya 80,000 walikwenda Marekani.

Sasa mfikirie mume na mke wa Marekani, tuseme katika mwaka wa 2003. Wamejaza karatasi kwa miezi mingi. Wamepimwa afya, wameulizwa mapato yao, wamechukuliwa alama za vidole, na nyumba yao imekaguliwa. Barua zao zimefika Beijing, na jibu limerudi na picha ndogo ya msichana wa miezi kumi. Picha hiyo wameitazama asubuhi na jioni hata kingo zake zimechakaa. Kisha wamepanda ndege, wakavuka bahari, wakafika katika mji mkuu wa mkoa ambao hawawezi hata kutamka jina lake sawasawa.

Katika ofisi ya serikali mlango unafunguliwa, na mlezi wa makao ya watoto anaingia na mtoto kifuani. Mke analia kwa furaha. Mume anajaribu kupiga picha na mikono inamtetemeka. Karani anatabasamu. Kila mtu chumbani ana furaha isipokuwa mmoja. Mtoto anatolewa katika mikono aliyoizoea, anatiwa katika mikono asiyoijua. Harufu ni ngeni, sauti ni ngeni, lugha ni ngeni. Anapiga kelele, anajikunja, anamnyoshea mlezi wake mikono. Mlezi anageuka na kwenda zake.

Msomaji, usikipite upesi kilio hicho. Wakubwa wanasema, "Amechoka, atazoea." Ni kweli kwamba atazoea. Hata hivyo kuzoea si sawa na kutopoteza kitu. Mtoto huyu hajui kwamba ameokolewa. Anajua kwamba amenyang'anywa. Amepoteza mama mara ya kwanza kabla ya kuwa na kumbukumbu, na leo anapoteza mara ya pili watu pekee aliowafahamu. Furaha ya wakubwa na msiba wa mdogo vimekutana katika chumba kimoja, navyo vyote viwili ni vya kweli.

Safari inaendelea mpaka Guangzhou, mji ambao ulikuwa na ubalozi mdogo wa Marekani uliotoa viza kwa watoto hao. Hapo mtoto anapimwa na daktari, na wazazi wapya wanaapa kwamba maelezo waliyoyatoa ni ya kweli. Katika hoteli ya White Swan, iliyo kando ya mto, familia nyingi ziliwaketisha watoto wao kwenye makochi mekundu zikawapiga picha ya ukumbusho. Kwa sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka wa 2001, mtoto kama huyu aliweza kuwa raia mara alipokanyaga ardhi ya nchi hiyo. Alipanda ndege akiwa Mchina, akashuka akiwa Mmarekani, ilhali yeye mwenyewe hakuulizwa neno.

Je, wazazi hawa wametenda jema au baya? Ukinijibu kwamba wametenda jema, nakubaliana nawe nusu ya njia. Mtoto aliye katika makao, anayeshirikiana mlezi mmoja na wenzake wengi, anahitaji mtu wa kumwita mama zaidi ya anavyohitaji bendera. Nchi haimwamshi mtoto mwenye homa usiku wa manane ikampa dawa. Mtu ndiye afanyaye hivyo. Anayesema kwamba afadhali mtoto akue bila ya wazazi mradi abaki kwao, anapenda taifa kuliko mtoto.

Lakini nusu ya pili ya njia ina miba. Kila familia ya kigeni ilitakiwa kulipa makao ya watoto mchango wa dola kama 3,000. Fedha hizo zilijenga vyumba, zikanunua maziwa na dawa. Hata hivyo, penye fedha hapakosi mwenye tamaa. Mwaka wa 2005 iligunduliwa katika mkoa wa Hunan kwamba baadhi ya makao yalikuwa yakinunua watoto wachanga kutoka kwa wachuuzi wa binadamu, kisha yakawaandika kuwa wameokotwa. Ziko pia habari za Korea. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, Harry Holt na mkewe Bertha, wakulima wa Oregon, waliasili watoto wanane mwaka wa 1955, na njia waliyoipita wao ikapitwa na maelfu. Watoto wapatao 200,000 wameondoka Korea tangu wakati huo. Mwezi wa Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilitangaza kwamba baadhi yao waliandikwa yatima ilhali wazazi wao walijulikana, na kwamba kumbukumbu zao ziligeuzwa. Yatima wa karatasi si yatima wa kweli.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Yule mke aliyelia kwa furaha hakuiba mtoto. Alifuata kila sheria aliyoonyeshwa. Lakini ikiwa mahali fulani kijijini yuko mama mwingine aliyenyang'anywa, furaha ya huyu imejengwa juu ya machozi ya yule, hata kama huyu hajui. Je, upendo wa miaka ishirini husafisha kosa la siku moja? Nasema hapana. Je, kosa la siku moja hubatilisha upendo wa miaka ishirini? Hilo nalo nasema hapana. Upendo haufuti wizi, na wizi haugeuzi upendo kuwa uongo. Vyote viwili hukaa katika moyo wa mtoto mmoja, naye ndiye hubeba mzigo ambao hakuufunga.

Ikiwa ni hivyo, tutumie kipimo gani? Mimi naona kipimo kimo katika swali moja: je, mtoto ndiye anayetafutiwa wazazi, au wazazi ndio wanaotafutiwa mtoto? Maneno ni yale yale, lakini mpangilio wake hubadili kila kitu. Wazazi wanapotafutiwa mtoto, mtoto hugeuka bidhaa. Na kila bidhaa inayotakiwa sana hupata mchuuzi. Mtoto anapotafutiwa wazazi, mtu huanza kuuliza karibu kabla ya mbali: Je, mama yupo? Ni umaskini tu unaomfanya amwache? Je, hakuna shangazi, nyanya, ami au jirani? Ikiwa fedha iliyolipa ndege na hoteli ingetosha kumwacha mtoto mikononi mwa mama yake, basi aliyetakiwa kusaidiwa kwanza ni mama.

Wazo hili limo katika mkataba wa mataifa uliokamilishwa huko The Hague tarehe 29 Mei 1993, ambao Kenya nayo iliukubali. Mkataba huo unataka mtoto atafutiwe kwanza malezi katika nchi yake. Ridhaa ya wazazi isinunuliwe. Na habari za asili yake zihifadhiwe. Mwezi wa Novemba 2014 serikali ya Kenya iliwazuia wageni kuasili watoto wa nchi hii, kwa kuhofia biashara ya watoto, na Ethiopia ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka wa 2018. Kufunga mlango huzuia mwizi, lakini humzuia pia aliyekuja kwa nia safi. Kwa hiyo anayefunga mlango ana wajibu wa kuwatazama watoto waliobaki ndani.

Sisi wenyewe tuna mafundisho katika jambo hili. Katika nyumba zetu nyingi mtoto wa ndugu hulelewa pamoja na wa tumboni, na kwenye sahani hakuna anayewatenganisha. Uislamu, ambao umekaa pwani yetu kwa karne nyingi, humsifu anayemlea yatima, lakini huagiza kwamba yatima aendelee kuitwa kwa jina la baba yake. Fundisho hilo limezipatanisha methali zetu mbili: lea kwa moyo wote, wala usifute asili.

Nimalizie na wewe, msomaji kijana. Huenda anayekaa nawe dawati moja analelewa na mtu asiyemzaa. Huenda ni wewe mwenyewe. Watu humwambia mtoto wa namna hii, "Shukuru, ungekuwa wapi wewe!" Neno hilo husemwa kama wema, lakini ni deni lisilo na risiti. Mtoto aliyezaliwa na mwenye nyumba haambiwi ashukuru kwa uji wa asubuhi; kwa nini mwingine alipie uji huo kwa shukrani kila siku? Chakula, jina na ukweli ni haki ya kila mtoto. Shukrani ikija, ije yenyewe, kama ijavyo kwa mzazi yeyote aliyependa.

Na yule msichana wa Guangzhou akiwa mkubwa, akauliza, "Nilitoka wapi?", asione mlezi wake akigeuza uso. Swali hilo halisemi, "Sikupendi." Linasema, "Nataka kujua nilianzia wapi." Mlezi anayelijibu kwa ukweli, hata pale ukweli unapomchoma, ndiye aliyestahili kuvuka bahari.

Basi mtoto ni wa nani? Si wa aliyemzaa kama shamba lilivyo la mwenyewe, si wa taifa kama madini, wala si wa aliyelipa nauli. Mtoto ni wake mwenyewe, naye amewekwa amana kwetu mpaka awe na nguvu za kujichukua. Mwenye kushika amana huulizwa mambo mawili: uliipokea kwa njia gani, na uliitunza namna gani. Mtu mwema ni yule awezaye kuyajibu yote mawili mbele ya mwenye amana bila ya kuinamisha macho.